Kipande cha Tatu cha Kipokezi: Jinsi Seli T Iliyoamshwa Inavyopata Ruhusa ya Kuongezeka

Kwenye friji ya maabara yetu kuna kichupa cha protini iliyotolewa kwenye maharage mekundu. Ni ile ile inayowavuruga tumbo wanaokula maharage mabichi. Sisi tunaitumia kuamsha seli T, aina ya seli nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Ukiidondoshea seli za damu ya mtu mwenye afya na kuziacha kwenye nyuzi 37, kesho yake nyingi zimenenepa, na kwenye utando wake kimeota kitu ambacho jana karibu hakikuwapo: CD25.

Mwaka 1960 Peter Nowell aligundua kuwa protini hiyo huzifanya limfosaiti, kundi la seli nyeupe ambalo seli T zimo, zigawanyike. Mwaka 1976 Morgan, Ruscetti na Gallo, huko Marekani, wakaonyesha kwamba majimaji yaliyokaa na seli zilizoamshwa hivyo yanaweza kuotesha seli T kwa muda mrefu. Kilichomo tunakiita leo intalukini-2, kichocheo cha ukuaji.

Sasa, mwilini kuna seli T nyingi mno, na kila moja inatambua kitu chake. Kichocheo kikimwagika, mbona haziongezeki zote? Jibu limo katika kipokezi chenyewe, yaani protini ya kwenye utando wa seli inayoishika intalukini-2. Kina vipande vitatu: alfa, beta na gama. Seli ambayo haijawahi kukutana na adui haina alfa, na beta na gama peke yao huishika intalukini-2 kwa ulegevu. Seli ikitambua antijeni yake, yaani kile kitu chake, na ikapata ishara ya pili kutoka kwa seli iliyoileta, huanza kutengeneza alfa, ambayo ndiyo CD25. Vipande vitatu vikishikamana, mshiko unakazika takriban mara 100.

Ninachokipenda hapa ni kwamba alfa haipeleki ujumbe wowote ndani. Mkia wake ni mfupi mno. Kazi yake ni kunasa tu. Beta na gama ndizo zinazowasha vimeng'enya JAK1 na JAK3, navyo vinaiwasha protini ya STAT5, ambayo huingia kwenye kiini na kuamuru seli igawanyike, na pia itengeneze CD25 zaidi. Mgambo unalia mwili mzima, lakini anayeusikia vizuri ni yule aliyeota sikio.

Mzee mmoja aliyekuwa akijiandaa kupandikizwa figo aliniuliza, "Mwanangu, hiyo sindano si itamaliza kinga yangu yote?" Nikamwambia, hapana mzee. Basiliksimabu ni kingamwili inayofunika CD25. Hutolewa miligramu 20 siku ya upasuaji na 20 nyingine siku ya 4, nayo hulenga seli zilizokwisha kuamka, zile ambazo zingeishambulia figo mpya. Seli T iliyotulia haina alfa ya kufunikwa. Vidonge atakavyomeza kila siku ni habari nyingine, na hilo nalo nilimwambia.

Wanasayansi walipozalisha panya wasio na intalukini-2, wengi wangetarajia kinga dhaifu. Badala yake panya waliugua kwa kinga iliyoushambulia mwili wao wenyewe, hasa utumbo. Ufafanuzi uko kwa Shimon Sakaguchi, ambaye mwaka 1995 alieleza kundi la seli T zinazobeba CD25 wakati wote, bila kusubiri vita. Ni seli za udhibiti, zinazowatuliza wenzao. Hazijitengenezei intalukini-2, huishi kwa ile inayomwagwa na wengine. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliochunguza FOXP3, jeni inayoongoza seli hizo za udhibiti.

Kwa hiyo sampuli ikija na seli nyingi zenye CD25, siandiki kwenye ripoti kwamba zimeamka. Natia kwanza rangi ya FOXP3, kisha natazama CD127, protini nyingine ya kwenye utando, ambayo seli za udhibiti huwa nayo kidogo tu. Seli T za binadamu zikiamka zinaweza nazo kuonyesha FOXP3 kwa muda mfupi, hivyo rangi moja haitoshi.