Plasta ya kanula inaziba ngozi isipumue?

Wengi huku Mbeya wanaamini ile plasta angavu inayobandikwa juu ya kanula ya dripu (kile kijibomba kinachoingia kwenye mshipa) ni nailoni tu, ngozi haipumui, basi ndugu anaibandua pembeni ipate hewa. Kwa macho inafanana kweli na nailoni. Ila nyingi ni utando wa poliyurethani, aina ya plastiki, mvuke wa jasho unapita, maji na bakteria havipiti. Wanavyoipima: kikombe chenye maji kinafunikwa nayo, kinapimwa uzito, baada ya saa 24 kinapimwa tena, kilichopungua ndo mvuke uliotoka. Ukipata plasta iliyoisha muda jaribu, kikombe kingine funika nailoni, ila tafuta mizani ndogo kama ya wanunuzi wa dhahabu Chunya, maana zinapungua gramu chache tu na baridi ya Julai inachelewesha. Kwa mgonjwa, ikilegea au ikilowa mwite nesi aibadilishe.