Spika Iliyofichwa Ukutani Haipotezi Besi

Wenye nyumba wengi hapa Mombasa, na hata baadhi ya mafundi, huamini kwamba spika ikifichwa ukutani au darini ni lazima ipoteze besi, kwa kuwa imenyimwa kasha lake la mbao. Kasoro wanayoisikia mara nyingi ipo kweli, ila chanzo chake sicho hicho.

Kiwambo cha spika, yaani utando wake unaotetema, kinaposukuma hewa mbele, nyuma yake hutoka wimbi jingine lililo kinyume, na mawimbi hayo yakikutana sauti nzito hufutana. Kazi ya kwanza ya kasha ni kuyatenganisha, kazi ambayo ukuta nao unaiweza. Tena spika iliyo sawa na uso wa ukuta huimarika besi, kwa sababu sauti haina pa kuzungukia nyuma.

Kinachoharibu ni ufungaji. Bodi ya jipsamu isiyokazwa vizuri kwenye fremu hutetema, na uwazi ulio juu ya dari huipeleka sauti hadi chumba cha pili. Dawa ni kuiwekea spika kasha la nyuma na kukaza skrubu mpaka ukingo wake ushikane na bodi. Kuta za matumbawe za Mji wa Kale ni habari nyingine: ni nene, hazina uwazi ndani, na sioni busara ya kuzichimba ilhali spika ndogo ya rafuni ingetosha. Kwa nyumba za Nyali zinazopigwa na upepo wa bahari, chumvi hula wavu wa spika ulio wa chuma cha kawaida, kwa hiyo ni heri kuchagua wa alumini uliopakwa rangi.