Huhitaji kujua yote ndipo uanze kuandika

Wengi wanaotaka kuwa waandishi wa kujitegemea huamini kwamba lazima kwanza wamalize kozi, wafungue tovuti na wajue bei zote za soko. Si kweli. Mhariri anatazama wazo lako na sampuli uliyoambatisha, basi.

Chukua Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwezi Mei mwandikie mhariri mmoja: “Nina makala ya maneno 800 kuhusu misamiati ya makondakta wa daladala za Mbagala. Nimeshazungumza na watatu. Nitaileta tarehe 20 Juni.” Hapo kuna mada, urefu, ushahidi na tarehe. Akikubali, uliza malipo ni kiasi gani na yanatoka lini, kabla hujaandika hata aya moja. Tafadhali usilionee haya hilo.

Na vipi kuhusu ushauri unaokuchanganya, kila mtu akisema lake kuhusu bei? Unagongana kwa sababu washauri wako wana kazi tofauti: mfasiri hutoza kwa neno, mwandishi wa matangazo kwa mradi, na wa gazeti mara nyingi hupokea kiwango cha gazeti lenyewe. Kila mmoja yuko sahihi kwake. Msikilize yule anayefanya kazi unayoitaka, wengine wasubiri.