Kikao cha Kwanza kwa Mwanasaikolojia: Maswali Yanayoulizwa Kabla ya Kwenda

Daktari wa hospitali ya wilaya ameniandikia rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili. Ina maana ameona nina kichaa?

Hapana. Wengi wanaopewa rufaa ya aina hii wanaendelea na kazi na wanalea watoto wao, ila usingizi umepotea, moyo unaenda mbio bila sababu inayoonekana, au wamefiwa na huzuni haijapungua hata baada ya muda mrefu. Wengine walianza kwa kutibiwa vidonda vya tumbo au maumivu ya kichwa yasiyokwisha, vipimo havikuonyesha kitu, ndipo daktari akashuku kwamba chanzo kinaweza kuwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu) au wasiwasi uliopita kiasi.

Nitaonana na nani hasa?

Inategemea hospitali. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kisaikolojia, na haandiki dawa. Katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Dar es Salaam, au Mirembe, Dodoma, wataalamu wa aina zote mbili wapo, lakini kwingineko anayekupokea anaweza kuwa muuguzi aliyesomea afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii. Muulize taaluma yake. Wengi wetu tumelelewa kutomhoji mtu aliyevaa koti jeupe, lakini swali hilo ni haki yako na mtaalamu mzuri halioni kuwa ni utovu wa adabu.

Nibebe nini?

Barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Kama umewahi kupimwa damu au tezi ya shingo, beba majibu, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi chini ya kiwango huweza kuleta uchovu na kukosa hamu vinavyofanana sana na sonona.

Tukishakaa, kinafanyika nini?

Kwa kawaida kikao huchukua kati ya dakika 45 na 60, ingawa katika kliniki ya serikali yenye foleni ndefu kinaweza kuwa kifupi zaidi. Mtaalamu hujitambulisha, hueleza utaratibu wa siri, kisha huomba ridhaa yako kabla ya kuendelea. Baada ya hapo atakuuliza kilichokuleta, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa jibu linalokuja upesi ni “nina mawazo mengi” na baada ya hapo kimya. Atakusaidia kulifungua jibu hilo kwa kuuliza yalianza lini, huja saa ngapi, yanakuzuia kufanya nini, na kama kuna siku yanapotulia. Ataulizia pia usingizi, chakula, kazi, ndoa, pombe, bangi au mirungi, na kama kuna ndugu aliyewahi kuugua akili. Maswali haya hayamaanishi kwamba anakutafutia makosa. Ni uchunguzi, na usipoficha matumizi ya pombe, kwa mfano, ataweza kujua kama pombe ndiyo inayoharibu usingizi wako au umeikimbilia kwa sababu usingizi ulikwisha kuharibika.

Huenda akakupa dodoso. Linalotumika sana ni PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu hali yako katika wiki 2 zilizopita, kila swali likiwa na alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Alama hizo peke yake hazitoshi kutamka ugonjwa. Humwonyesha mtaalamu pa kuanzia, na baadaye humsaidia kupima kama unapata nafuu.

Yapo mambo ambayo hutaweza kuyasema siku ya kwanza, hasa kama uliwahi kubakwa au kupigwa. Unaruhusiwa kusema, “Hilo tuliache kwanza.” Na ukilia, atasubiri.

Kwa nini aniulize kama nimewahi kufikiria kujiua?

Huulizwa takriban kila mgonjwa, na ni swali la 9 katika dodoso nililotaja. Kuulizwa hakumwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wapo wanaokana kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kifungu hicho kinahusu jaribio, wala si mawazo unayomweleza mtaalamu ili upate msaada. Eleza kweli.

Nitakayosema yatabaki siri?

Ndiyo, isipokuwa kwa mipaka ambayo anapaswa kukueleza mwanzoni: maisha yako yakiwa hatarini, mtu mwingine akiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Ukiona mlango umeachwa wazi na watu wa foleni wanasikia, omba ufungwe kabla hujasema lolote.

Wifi yangu amenisindikiza na anataka kuingia. Nikatae?

Uamuzi ni wako. Ndugu huweza kueleza mambo ambayo mgonjwa hayaoni, lakini ni vigumu kuzungumzia ndoa mbele ya dada wa mume. Njia inayofaa ni kuonana na mtaalamu peke yako kwanza, kisha ndugu aitwe mwishoni kama umekubali. Ukishindwa kulisema hilo mbele yake, mtaalamu anaweza kulisema yeye kama utaratibu wa kliniki.

Nilitegemea aniambie niachane na mume wangu au nivumilie. Mbona hakusema?

Kwa sababu hiyo si kazi yake, na nadhani watu wengi hawarudi kikao cha pili kwa kukosa kuelezwa jambo hili mapema. Wazee, shehe, mchungaji na somo hutoa nasaha, na unaweza kuendelea kuwaendea. Mwanasaikolojia hukusaidia kuelewa kinachokufanya ushindwe kulala au kuamua, kisha mnapanga pamoja mtakachofanyia kazi na kwa vikao vingapi. Tiba ya kubadili fikra na mwenendo, kwa mfano, mara nyingi huhitaji vikao 6 hadi 20. Wapo wanaotoka kikao cha kwanza wakiwa wamechoka kuliko walivyoingia, na uchovu huo peke yake si dalili kwamba tiba imeshindikana.

Na nikiona hatuelewani?

Mpe nafasi ya vikao viwili au vitatu, na mwambie kinachokukera. Lakini akikutukana, akikuhubiria au akikutaka kimapenzi, usirudi kwake. Mweleze mganga mfawidhi wa hospitali na uombe mtaalamu mwingine.