Hakuna "nashusha tu": adabu na msamiati wa kugawana faili kwa torenti

Na afisa wa elimu kwa umma, huduma za kidijitali, Lamu

Tangu Ramadhani imalizike, dawati letu la malalamiko hapa Lamu limekuwa likipokea watu wa aina tatu. Wapo wanaosema intaneti ya nyumbani hufa kila siku baada ya isha. Wapo waliomaliza bando la simu kabla ya filamu moja kuingia yote. Na wapo wenye nyumba za wageni walioletewa barua na kampuni inayowauzia intaneti, barua inayotaja filamu ambayo wao hawajapata hata kuisikia. Ukiwauliza vijana wa nyumba hizo, jibu ni lile lile: "Mimi sikumtumia mtu kitu, nashusha tu."

Kampeni tunayoianza mwezi huu imetokana na neno hilo. Kwenye torenti, njia ya watu kugawana faili kati ya kompyuta zao wenyewe, hakuna kushusha tu. Nimelisema hili madrasani, nimelisema barazani, na bado kila wiki naletewa simu na mtu anayeniapia kwamba yeye anapokea bila kutoa.

Watu wa gatini hawahitaji kufunzwa maana ya kupakua na kupakia. Jahazi likifunga, wachukuzi hupakua simiti. Likiondoka limepakiwa kingine. Tovuti ya kawaida ni ghala: unakwenda, unapakua, unaondoka zako. Mtandao wa rika kwa rika, ambao torenti ni mojawapo, hauna ghala. Faili imekatwa vipande, mamia au maelfu, na kila kompyuta yenye kipande humpa mwenzake. Kipande ulichopokea dakika iliyopita, dakika hii programu yako inampa mtu wa Tanga au wa Brazil, na wewe hujabonyeza chochote. Ndivyo ilivyoundwa. Bram Cohen, Mmarekani aliyeibuni BitTorrent, utaratibu unaoendesha torenti, mwaka 2001, aliipa kanuni ya nipe nikupe: programu hupendelea kumpa anayetoa, na asiyetoa huwekwa nyuma ya foleni.

Kanuni hiyo ilikuja kwa sababu. Mwaka 2000 watafiti wawili wa maabara ya Xerox kule Palo Alto waliuchunguza mtandao mwingine wa kugawana faili, Gnutella, wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawatoi faili hata moja. Wachache walibeba wote.

Sasa maneno. Aliye na faili kamili na anaendelea kuitoa huitwa mpandaji. Vijana husema "anasidi". Anayechukua akafunga programu mara tu faili inapotimia ni ruba, yule mdudu wa kunyonya damu, na jina hilo si la heshima popote duniani. Wote wanaogawana faili moja kwa wakati mmoja ni bumba, kama bumba la nyuki. Traka ni seva inayowajulisha waliomo kwenye bumba. Yenyewe haibebi filamu wala wimbo. Kiungo cha sumaku ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaobeba alama ya utambulisho ya faili, nayo alama hiyo huitwa heshi. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili heshi inabadilika, na hapo una faili nyingine yenye bumba jingine. Kwa hiyo wanaofungua faili ya watu, wakabandika tangazo lao la duka la simu kisha wakaitoa upya, wanaligawa bumba. Waache kufanya hivyo.

Uwiano ni kiasi ulichotoa ukikigawa kwa kiasi ulichopokea. Adabu inayokubalika ni kufika 1 kabla ya kuondoka: umechukua gigabaiti moja, toa gigabaiti moja. Ukiona wapandaji wamebaki wawili au mmoja, kaa zaidi ikiwa una nafasi, maana akiondoka wa mwisho wanaosubiri hubaki na asilimia 97 isiyofunguka.

Lakini uwiano unalipwa na mtu. Kwa mwenye bando la simu, faili ya megabaiti 700 iliyofikisha uwiano wa 1 imekula megabaiti 1,400, kupokea na kutoa pamoja. Hakuna aliyekuibia bando. Kama huna waifai, usitumie torenti kwa simu, na kampuni ya simu usiilaumu.

Mwezi uliopita niliitwa kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani anayepangisha vyumba viwili vya juu. Ruta yake ameiweka kwenye kidaka cha ukutani, kati ya marashi na msahafu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi ili isiingie vumbi. Wageni walikuwa wameondoka siku mbili kabla ya muda wao kwa sababu hawakuweza kupiga simu za kazi. Mjukuu akafungua kompyuta. Filamu ilikwisha kuingia siku nne nyuma, na programu ilikuwa ingali inatoa, mchana na usiku. Mkondo wa kupakia wa nyumba ile ni megabiti 2 kwa sekunde, yaani kilobaiti 250, na wote ulikuwa umejaa.

"Mimi siyui kama natuma kitu, mwanangu," bibi akaniambia. "Mimi hulipa tu kila mwezi."

Nilimweleza, nami nawaeleza. Laini nyingi za nyumbani zina mkondo mpana wa kupakua na mwembamba wa kupakia. Kila unachopakua, kompyuta yako hurudisha ujumbe mfupi wa "nimepokea", nao hupita kwenye mkondo ule mwembamba. Torenti ikiujaza, ujumbe huo unakwama, na upakuaji wa nyumba nzima unakwama pamoja nao. Dawa iko ndani ya programu yenyewe, kwenye mipangilio ya kasi: kwa laini kama ile ya bibi, kikomo cha kupakia kisizidi kilobaiti 200 kwa sekunde, na jioni kishushwe zaidi. Programu nyingi zina ratiba. Iwekwe ifanye kazi baada ya saa sita usiku. Na kabla ya yote hayo, mwenye nyumba aombwe ruhusa. Laini ni yake, jina lililo kwenye mkataba ni lake.

Jina hilo ndilo linaloleta barua. Ndani ya bumba kila mmoja huiona anwani ya IP ya mwenzake, yaani namba ya laini yake kwenye intaneti, la sivyo vipande visingejua pa kwenda. Mawakala wa wenye filamu huingia kwenye bumba kama mtu mwingine yeyote, wakaandika anwani na saa, wakaipelekea kampuni ya intaneti. Nyumba nzima huonekana kwa anwani moja. Kwa hiyo barua ikija, anayeandikiwa ni bibi wa Mkomani, si mjukuu.

Hapa naomba umakini, kwa kuwa ndipo penye upotoshaji mwingi. Ofisi hii si mahakama wala haitoi ushauri wa kisheria kwa kesi ya mtu mmoja mmoja; naeleza utaratibu ulivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kusambaza nakala zisizo halali kuwa kosa, adhabu yake faini isiyozidi shilingi 400,000 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Neno ni kusambaza. "Sikuuza" halitoshi kuwa utetezi, na torenti, kama nilivyoeleza, husambaza yenyewe. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza utaratibu wa notisi ya kuondoa maudhui: mlalamikaji huandika kwa kampuni ya intaneti, hutaja jina lake kamili na anwani, huitaja kazi inayodaiwa kuibwa, huonyesha mahali ilipo, hutia sahihi na kuambatisha kiapo, na nakala hupelekwa Bodi ya Hakimiliki na Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni ina saa 48 za kazi kuifunga njia ya kuyafikia maudhui hayo, isipokuwa ikipokea notisi ya kupinga. Mwenye kutoa notisi ya uongo naye ana kosa lake. Basi barua ikifika usiitupe, wala usimpigie simu aliyeiandika kwa hasira. Isome tarehe na saa iliyotajwa, uangalie nani alikuwa nyumbani.

Wapo wanaoambiana kwamba ukiwasha vipieni jambo limekuwa halali. Vipieni huficha anwani. Haigeuzi mali ya mtu ikawa yako.

Torenti yenyewe si haramu, na hili nalo nachoka kulirudia kwa wazazi wanaotaka tuifunge kabisa. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hutolewa kwa torenti. Internet Archive hutoa vitu vingi kwa njia hiyo hiyo. Nakala za Wikipedia za kusoma bila intaneti zinazotengenezwa na Kiwix huchukuliwa kwa torenti, na shule yenye laini dhaifu itanufaika nazo sana, kwa sababu umeme ukikatika, torenti huendelea pale ilipoishia. Tenzi zilizotungwa hapa karne ya 19 nazo ni za wote, kwa kuwa hakimiliki ya maandishi Kenya ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Ila sauti ya msomaji aliyeurekodi utenzi huo juzi ina haki yake. Muulize kwanza, wengi wako mtaa wa pili tu.

Jambo linaloniumiza zaidi halihusu filamu za wageni. Baadhi ya programu za rika kwa rika huomba uchague folda ya kugawana, na mtu kwa haraka huchagua folda nzima ya picha na video. Harusi zetu mnazijua. Usiku wa wanawake simu hukusanywa mlangoni, mpiga video ni mwanamke aliyeaminiwa, nakala hupewa mama wa bibi harusi peke yake. Kisha mama anamwomba kijana wa nyumba amuhifadhie kwenye kompyuta, na kompyuta ile ina programu ya aina hiyo. Nimekaa na mama aliyefikwa na haya. Aliniuliza tumwandikie nani barua ili video irudi. Nikakosa la kumwambia. Notisi niliyoieleza hapo juu huhitaji mahali pa kupelekwa, na kwenye bumba kila mwenye nakala ni nahodha wa chombo chake, katika nchi yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data dhidi ya aliyeisambaza bila idhini, na fanya hivyo. Kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, fungueni mipangilio muangalie folda iliyochaguliwa. Iwe folda mpya, tupu, yenye kile tu mnachotaka kukitoa. Video za familia zihifadhiwe kwenye diski ya nje, ikae kabatini kwa mama.

Tazameni pia mwisho wa jina la faili. Filamu inayoishia na "exe" ni programu. Ukiibonyeza unaisimika, na mara nyingi ni virusi.

Mwenye barua, au mwenye laini inayokufa jioni, aje ofisini na barua yenyewe, mkataba wa intaneti, na kompyuta au simu zote za nyumba, ya mjukuu ikiwemo. Msiifute programu kabla ya kuja. Ukiifuta, kumbukumbu ya nini kilitoka na lini nayo mara nyingi hufutika, na hiyo ndiyo tunayohitaji kuiona kwanza.