Treni ya Nanyuki haitambai kwa sababu ya geji, jameni

Haya, nimechoka. Kila mtu akisikia mpango wa kuboresha reli ya Nanyuki anasema kitu kimoja: "hiyo reli ni nyembamba ndio maana treni inatambaa, wekeni SGR yaishe." Nimeisikia kwa kinyozi, kwa harusi, na juzi kwa grupu ya familia, na huko aliyesema ni mjomba kwa hivyo nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Geji, yaani upana kati ya reli mbili, yetu ni milimita 1,000. Malaysia nao wana 1,000, hiyo hiyo, na treni zao za umeme zinakimbia kilomita 140 kwa saa. Queensland kule Australia wako na 1,067 na wanafika 160. Treni ya abiria ya SGR yetu ya Mombasa, ile reli pana kuliko hizo zote, ni 120. Sasa niambie upana umefanya nini.

Shida ni kona. Reli ilifika Thika 1913, Nanyuki 1930, na siku hizo hakukuwa na tingatinga za leo, so badala ya kukata kilima walikizunguka. Unatoka Nairobi unashuka mpaka Sagana, karibu mita 1,200, halafu unapanda Karatina, Kiganjo, Naro Moru, mpaka Nanyuki kwenye mita 1,900 na kitu, na mlima wote huo unapandwa kwa kujikunja.

Na hapa ndipo watu hunichosha. Ukitaka spidi mara mbili kwa kona, nusu kipenyo lazima kiwe mara nne. Si mara mbili, NNE. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 200 inayokubali kama kilomita 50 kwa saa hivi, ukitaka ikubali 100 iwe ya mita 800, na kona ya mita 800 haikai pale ya 200 ilikuwa, inapita kwa shamba la kahawa la mtu, kwa uwanja wa shule, juu ya mto unaodai daraja jipya. Eti inua reli ya upande wa nje wa kona treni iegemee? Tunainua, lakini ukizidisha, treni ya mizigo inayopanda polepole inakandamiza reli ya ndani mpaka inalika. Kwa hivyo SGR juu ya kona zile zile itakuongezea spidi kidogo tu, ni kama kununua Subaru ya kupita kwa matuta.

Mengine haraka haraka: mataruma (zile nguzo za kulalia reli), kokoto, mifereji, madaraja yaliyojengewa uzito wa ekseli wa zamani, vivuko vya barabara bila geti ambapo dereva anapiga honi na kuomba Mungu. Rekebisha hizo na uokoe dakika nyingi bila kuhamisha kona hata moja. Ile kazi ya 2020 ilikuwa kufufua njia ile ile, hakuna aliyeahidi ikimbie.

Kinachoninyima usingizi ni tuta, ule udongo ulioinuliwa unaobeba reli. Lina karibu miaka 100, tukichimba mashimo ya kupima udongo tunajua hapo tulipochimba tu, mengine tunaambiwa na mvua ya Aprili. Na hesabu za abiria watakaoacha matatu huletwa mkutanoni zikiwa na desimali mbili. Mimi huamini tarakimu ya kwanza, na siku zingine hata hiyo naitilia shaka, maana matatu ikijaa inaondoka, treni inangoja saa yake.