Harga: maana ya "kuchoma" huko Tunisia

Ukimsikia kijana wa Zarzis au Sfax akisema anataka "kuchoma", usitafute kiberiti. Anataka kuvuka bahari kwenda Ulaya bila viza. Safari hiyo huitwa harga, na wengine hutamka harqa. Mwenye kuifanya ni harrag. Wakiwa wengi ni harraga. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha kuchoma, na hakina undugu na "haraka" yetu. Hiyo tuliitoa kwenye neno la Kiarabu la mwendo, na herufi zao ni tofauti, ila sikio la Mswahili halizitenganishi.

Kinachochomwa ni nini hasa? Wapo wanaosema ni vitambulisho: unavitia moto kabla ya kupanda boti ili ukikamatwa ng'ambo wasijue wakurudishe wapi. Wengine husema ni mpaka wenyewe, kama dereva "anavyochoma" taa nyekundu, maana hata hilo husemwa hivyo huko. Mimi naegemea maelezo haya ya pili, kwa kuwa hata asiyechoma karatasi yoyote bado huitwa harrag. Kwetu neno la jirani ni kuzamia, lile la vijana waliojibanza kwenye meli za mizigo bandarini Dar es Salaam. Lakini mzamiaji anazama ili asionekane, na mchomaji anaipita taa ikiwa inawaka.

Bila viza neno hili lisingekuwa na kazi. Zamani Mtunisia alikwenda Sicily, kisiwa cha Italia, kufanya kibarua, msimu ukiisha akarudi kwao. Ufaransa ikaanza kudai viza mwaka 1986, Italia mwaka 1990. Februari 2004 Tunisia yenyewe ikapitisha sheria ya kuwaadhibu wanaotoka nchini kwa njia za panya na wanaowasafirisha.

Halafu ukaja mwaka 2011, na harga ikasikika hadi nje ya Afrika Kaskazini. Tarehe 17 Desemba 2010, mjini Sidi Bouzid, mchuuzi wa matunda wa miaka 26, Mohamed Bouazizi, alinyang'anywa mizani na wakaguzi wa manispaa. Alikwenda ofisi za mkoa kulalamika, hakusikilizwa. Akajimwagia mafuta mbele ya jengo hilo na kujiwasha. Kwa Kiarabu cha huko, kitenzi ni kilekile. Alifariki tarehe 4 Januari, na siku kumi baadaye, kwa shinikizo la maandamano, Rais Zine el-Abidine Ben Ali, aliyetawala miaka 23, alikimbilia Jeddah.

Wengi walitarajia vijana wabaki kuyala matunda ya mapinduzi. Badala yake boti zikafuatana. Wanasiasa wa Italia walishangaa, lakini sioni cha kushangaza. Polisi walikuwa wametoweka, doria za pwani zimelegea, utalii uliowalisha watu wa pwani umesimama ghafla. Mlango uliofungwa miaka ishirini ulikuwa wazi, na hakuna aliyejua utabaki wazi kwa wiki ngapi.

Walielekea Lampedusa, kisiwa cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily, chenye wakazi elfu sita hivi. Mwishoni mwa Machi wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji. Kilima kilicho juu ya bandari kilijaa vijana waliolala chini ya maturubai na vipande vya plastiki, kikapewa jina la kilima cha aibu. Kwa mwaka mzima Watunisia wapatao 28,000 walifika Italia kwa bahari.

Tarehe 5 Aprili nchi hizo mbili zilikubaliana: waliofika kabla ya hapo wapewe vibali vya miezi sita, watakaofuata warudishwe. Wengi shabaha yao ilikuwa Ufaransa, kwenye ndugu na lugha waliyoisoma shuleni. Tarehe 17 Aprili Ufaransa ikazuia treni zinazotoka Ventimiglia, mji wa mpakani. Kijana ana kibali mfukoni, treni haiendi.

Wiki zilezile, kusini-mashariki mwa Tunisia, watu walikuwa wakiingia. Vita vya Libya viliwasukuma maelfu kwa maelfu kupitia Ras Jdir, kituo cha mpaka wa Tunisia na Libya: Wamisri, Wabangladeshi, Wasomali, Waeritrea, na Walibya wenyewe. Kambi ya Choucha ilisimamishwa jangwani karibu na mpaka huo. Watu wa kusini, ambao watoto wao walikuwa Lampedusa wakigombea blanketi, walipeleka blanketi na chakula Choucha, na wengine wakazikaribisha familia za Kilibya majumbani mwao.

Waliokwishahamia ng'ambo nao walipata sauti: Oktoba 23 Tunisia ilifanya uchaguzi wa bunge la kuandika katiba, na viti 18 kati ya 217 vilikuwa vya Watunisia waishio nje.

Lakini wapo waliochoma na hawakupiga simu tena. Mama zao walikusanyika mjini Tunis na picha za watoto wao, na dai lao moja lilikuwa la kiufundi kabisa: alama za vidole ambazo serikali ya Tunisia huzichukua mtu anapotengenezewa kitambulisho zipelekwe Italia, zilinganishwe na zile za vijana waliopokelewa huko.